Vitamini B kompleksi: aina tatu tulizojaribu nyumbani, na ile tuliyobaki nayo

Mama yangu ana umri wa miaka 66, na kwa miaka tisa sasa amekuwa akimeza metfomini kwa ajili ya kisukari. Mwaka jana alianza kulalamika kwamba nyayo zinamfa ganzi usiku. Daktari wake hapa Jinja alimweleza kwamba metfomini, ikitumiwa kwa miaka mingi, inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo unaweza kuleta ganzi, kwa hiyo apimwe damu. Majibu yalionyesha kwamba B12 yake imeshuka, akaandikiwa vitamini B kompleksi yenye B12, na kazi ya kuitafuta madukani ikawa yangu. Nimeshanunua aina tatu, na kila moja nimeimeza mwenyewe kwanza, kwa sababu sikutaka kumpa mama kitu ambacho sijui kinavyokaa tumboni.

Aina ya kwanza ni ile ambayo huikosi karibu katika duka lolote la dawa nchini Uganda: vidonge vidogo vinavyohesabiwa kutoka kwenye kopo la vidonge 1,000 na kutiwa katika kibahasha. Nilimwambia musawo, kama tunavyomwita huku kila anayetuuzia dawa, kwamba nataka B kompleksi, naye akanihesabia vidonge 60 bila kuuliza ni vya nani. Bei yake haimuumizi mtu, na tumbo langu halikulalamika hata kidogo. Hata hivyo nilimwomba anionyeshe kopo lenyewe. Akaligeuza, tukasoma pamoja maandishi ya pembeni: thiamini miligramu 5, riboflavini miligramu 2, nikotinamidi miligramu 20, piridoksini miligramu 2. Orodha iliishia hapo. B12 haikuwamo, wala asidi ya foliki.

Vitamini za kundi la B ni nane, na kopo lile lilikuwa na nne tu. Sisemi kwamba ni udanganyifu, maana hiyo ni fomula ya zamani inayojulikana, na yaliyomo yameandikwa wazi kwa anayesoma. Tatizo ni kwamba mnunuzi wa kawaida hakabidhiwi kopo. Anakabidhiwa kibahasha kilichoandikwa kwa kalamu "1x2". Mama yangu angeweza kuvimeza vidonge vile mwaka mzima, akiamini kwamba anatibu upungufu wa B12, huku upungufu wenyewe ukizidi. Vivyo hivyo, mgonjwa anayetumia isoniazidi kwa ajili ya kifua kikuu hupewa piridoksini, yaani B6, ya miligramu 10 hadi 25 kwa siku ili kulinda mishipa ya fahamu. Akiishiwa nayo na kununua vidonge vya kopo, anapata miligramu 2 kwa kila kidonge. Nawasihi wote wanaonunua kwa kibahasha waombe kuona kopo. Musawo mwema hatakasirika.

Aina ya pili niliinunua Kampala, katika famasi kubwa yenye kiyoyozi na rafu za virutubisho kutoka ng'ambo: chupa ya vidonge 60 kwa shilingi 85,000, yenye namba 100 iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na muuzaji akanihakikishia kwamba hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Nilimeza kimoja asubuhi kabla ya kula chochote. Baada ya nusu saa hivi masikio yalianza kuwaka, kisha shingo na kifua vikaniwasha kama niliyepita kwenye upupu, na kichefuchefu kikafuata. Nilikaa chini nikisubiri, na baada ya saa moja hali ikatulia. Ndipo nilipochukua lebo na kuisoma hadi mwisho, jambo ambalo nilipaswa kulifanya dukani.

B3 iliyokuwamo ilikuwa asidi ya nikotini, miligramu 100. Vitamini B3 huja katika sura mbili zinazotumika sana: asidi ya nikotini, ambayo hutanua mishipa midogo ya damu ya ngozi na kuleta joto na muwasho hata kwa dozi ya miligramu 30 hadi 50, na nikotinamidi, ambayo haiiamshi ngozi kwa namna hiyo. Mtu anayesema kwamba vitamini B zinamkataa, huenda kinachomkataa ni sura hiyo moja tu, au mazoea ya kuzimeza kabla ya kula.

Lililonitisha zaidi ni B6, ambayo nayo ilikuwa miligramu 100. Mahitaji ya mtu mzima kwa siku hayafiki hata miligramu 2. Marekani imeweka kikomo cha miligramu 100 kwa siku, lakini mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kikomo chake hadi miligramu 12 mwaka 2023, kwa sababu B6 ikizidishwa kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu na kuleta ganzi na hisia ya kuchomwachomwa miguuni. Ganzi ya miguu ndiyo iliyonipeleka dukani! Chupa ile sikumpa mama.

Aina ya tatu ni kopo la plastiki la vidonge 90 kwa shilingi 45,000, yaani shilingi 500 kwa siku, na ndiyo tuliyobaki nayo. Ina vitamini zote nane. B3 ni nikotinamidi, B6 ni miligramu 5, asidi ya foliki ni mikrogramu 200, na B12 ni mikrogramu 500. Kiasi hicho cha B12 kinapita kwa mbali mahitaji ya kawaida ya mikrogramu 2.4, lakini kinapomezwa kwa wingi ni sehemu ndogo tu inayofyonzwa, na daktari wa mama aliiangalia lebo na kuikubali. B12 yenyewe ni sianokobalamini. Wauzaji wengine walinisukuma ninunue methilikobalamini, sura nyingine ya B12, kwa bei karibu mara mbili, lakini sianokobalamini ni imara zaidi inapohifadhiwa na mwili huibadilisha wenyewe, kwa hiyo sikuona sababu ya kulipa zaidi.

Mama humeza kimoja baada ya katogo ya asubuhi, na hajapata kichefuchefu. Hucheua kidogo harufu ya kidonge, na kidonge chenyewe ni kikubwa kiasi kwamba hukikata vipande viwili. Mkojo hugeuka njano kali. Hiyo ni riboflavini iliyozidi inayotoka, na nilimweleza mapema ili asishtuke. Biotini, nayo ya kundi la B, ni mikrogramu 50 tu, nami nimeridhika, maana zile zinazouzwa kwa ajili ya nywele na kucha huwa na mikrogramu 5,000 au zaidi, kiasi kinachoweza kuvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya tezi ya shingoni na vya moyo.

Kabla ya kulipa nilikagua mfuniko uliofungwa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Vidonge vinavyotangazwa ndani ya basi la kwenda Kampala sivigusi, hata muuzaji awe na ufasaha kiasi gani: vimeshinda juani, na joto, mwanga na unyevu huziharibu vitamini hizi. Ukitilia shaka dawa yoyote, daftari la dawa zilizosajiliwa hutunzwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, ambayo wengi tunaiita NDA.

Baada ya miezi minne kipimo cha B12 kilirudi katika kiwango kinachofaa. Ganzi imepungua, ingawa katika miezi hiyo hiyo sukari yake ilidhibitiwa vizuri zaidi na ameongeza mukene, yaani dagaa, na mayai kwenye matooke (ndizi za kupika) na posho (ugali), ambavyo vyenyewe viwili havina B12, kwa hiyo sivipi vidonge sifa zote. Kopo limebakiwa na vidonge 14. Wiki ijayo nitanunua jingine la aina hiyo hiyo, baada ya kuisoma lebo yake upya.