Pedali ya priampu kwa gitaa la surfu na mazoezi ya usiku: ipi ununue, na uanze na nini

Anayetaka pedali ya priampu (kisanduku cha mguuni kinachoiga amplifaya ya gitaa) ili apige surfu, muziki wa gitaa wa vijana wa mawimbini, kwa kawaida huanza kwa kuuliza ndani yake imeigwa amplifaya gani. Mimi ningeanza na springi. Ile sauti ya majimaji, inayodondoka kama tone kwenye mtungi kila unapopiga uzi ulioufunika kwa kiganja, haitengenezwi na priampu. Inatengenezwa na springi za chuma zinazotikiswa na mlio wa gitaa. Nimeona watu wakimaliza akiba yao yote kwenye priampu nzuri sana, kisha wakashangaa kwa nini gitaa lao linalia kama la mpigaji wa kantri.

Muziki huu ulizaliwa kusini mwa California mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwenye kumbi za vijana waliokuwa wakishinda baharini wakiteleza juu ya mawimbi kwa mbao. Mwaka 1961 kampuni ya Fender ilitoa sanduku la rivabu, yaani la mwangwi wa springi, lililojulikana kwa namba 6G15. Lilikuwa na valvu tatu na nobu tatu: Dwell, ya kuamua springi zipigwe kwa nguvu kiasi gani, Mixer, ya kuamua mwangwi uwe mwingi kiasi gani, na Tone, ya kuung'arisha au kuufifisha. Gitaa liliingia kwenye sanduku, na sanduku likaingia kwenye amplifaya. Mpangilio huo ushike vizuri, kwa sababu ndio utakaoamua ununue nini: springi ilikaa mbele ya amplifaya. Amplifaya zilizofuata mwaka 1963, Deluxe Reverb na Twin Reverb, zilikuwa na rivabu humo humo ndani, lakini yenye nobu moja tu. Ni tamu, ila hailoweshi sauti kama lile sanduku.

Jambo la pili lilitoka kwa mpiga gitaa la surfu, Dick Dale. Alizaliwa Boston mwaka 1937, baba yake akiwa Mlebanoni, na katika familia yake alikua akisikia udi na ngoma za Kiarabu. Rekodi yake ya "Misirlou" ya mwaka 1962 ni wimbo wa zamani wa mashariki ya Mediterania, wenye ngazi ya sauti ya namna ya hijaz, uliopigwa kwa kasi juu ya uzi mmoja, piki (kipande cha kuchapia nyuzi) ikishuka na kupanda bila kupumzika. Aliyekulia kwenye taarabu ya Unguja hahitaji kufundishwa kuisikia ngazi hiyo. Mimi naamini ndiyo sababu surfu inatuingia kirahisi sisi wa Pwani, japo haikutoka kwetu.

Dale alipiga kwa nyuzi nene na kwa nguvu, akaunguza amplifaya na spika nyingi, mpaka Leo Fender, mwanzilishi wa kampuni ya Fender, akalazimika kumtengenezea yenye nguvu zaidi, iliyoitwa Showman, na spika ya JBL ya inchi 15. Maana yake kwa mnunuzi wa leo ni kwamba surfu inataka sauti safi isiyopasuka hata ukipiga kwa mkono mzito. Priampu inayonguruma mapema itaugeuza mwangwi wako kuwa uji.

Kwa hiyo vigezo vyangu vya kupanga orodha hii ni vinne. Je, sauti inabaki safi ukiipiga kwa nguvu? Je, pedali inaiga kabineti, yaani sanduku la spika? Hili ni la lazima kwa mazoezi ya kimya, kwa sababu spika ya gitaa ya inchi 12 hukata sauti nyembamba za juu kabisa. Ukichomeka hedifoni kwenye priampu isiyoiga kabineti utasikia mlio wa nyuki kwenye kopo. Je, ina tundu la hedifoni? Na umeme wake ni wa namna gani?

Nafasi ya kwanza: Boss IR-2, ikitanguliwa na pedali ya springi

Ilitoka mwaka 2023 kwa bei ya karibu dola 200. Ndani yake mna aina 11 za amplifaya, na kwetu inayohitajika ni moja tu, Twin. Twin Reverb halisi ni amplifaya ya wati 85, maarufu kwa kutopasuka, na hata katika kuigwa tabia hiyo imebaki. Inaiga kabineti, ina tundu la hedifoni, na ina USB-C ya kurekodi moja kwa moja kwenye kompyuta. Kwa mtu anayeishi nyumba ya kupanga, chumba kimegawanywa na ukuta mmoja na jirani mwenye mtoto mchanga, hiyo inamtosheleza.

Ina nobu ya mwangwi, lakini huo ni mwangwi wa chumba, wala hauna lile tone. Ufunge kabisa. Weka Gain (nobu ya kuikuza sauti mpaka ipasuke) chini, kwenye robo ya mwanzo, Treble ipite nusu kidogo, na besi uipunguze hasa ukitumia hedifoni zinazozidisha besi. Kilichobaki mwachie springi iliyo mbele.

Springi yenyewe ina njia mbili. Ya kwanza ni Catalinbread Topanga, pedali ndogo inayoliiga sanduku la 6G15 kidijitali, ikiwa na Dwell, Mix, Tone na nobu ya sauti. Hiyo ndiyo ningemwambia mdogo wangu anunue. Ya pili ni SurfyBear, ambayo ina springi za kweli ndani ya kisanduku na transista badala ya valvu. Ina uhai ambao Topanga haiufikii. Ukipiga uzi mzito ulioufunika, springi inajibu kama kitu kilicho hai. Lakini ukiigonga kwa mguu inanguruma kama radi masikioni mwako, na ukiiweka karibu na transfoma ya adapta inavuta mvumo. Iweke mbali na kila kitu chenye umeme, juu ya kitambaa kizito, uone tofauti. Na ukikuta Boss FRV-1 ya mitumba, ile iliyoiga sanduku la Fender la 1963, usiiache. Haitengenezwi tena.

Nafasi ya pili: Strymon Iridium

Kwa sikio langu hii ndiyo inayopendeza zaidi kwenye hedifoni katika orodha yote. Ilitoka mwaka 2019 kwa dola 399. Ina amplifaya tatu: Round imefuata Deluxe Reverb, Chime imefuata Vox AC30, na Punch imefuata Marshall. Kila moja ina kabineti tatu, na unaweza kuingiza nyingine kutoka kwenye kompyuta.

Kwa nini basi si ya kwanza? Kwa sababu Deluxe Reverb halisi ni ya wati 22 na hupasuka mapema kuliko Twin, nayo Round imeirithi tabia hiyo kwa uaminifu. Sanduku la springi lililofunguliwa Dwell hutoa mishtuko mikali ya sauti, na mishtuko hiyo inaisukuma Round mpaka inakwaruza. Unaweza kuidhibiti kwa kuweka Drive, ambayo ndiyo Gain yake, chini kabisa na kupunguza nobu ya sauti ya gitaa, lakini kwa bei maradufu sikutarajia kuwa na kazi hiyo. Anayepiga surfu leo, kesho rumba na keshokutwa nyimbo za kanisani, anaweza kuipandisha hii juu bila kujutia. Nobu yake ya Room nayo ni mwangwi wa chumba, kwa hiyo springi utainunua tu.

Nafasi ya tatu: Universal Audio Dream '65

Hii ingekuwa ya kwanza kama ingekuwa na tundu la hedifoni. Haina. Ilitoka mwaka 2022 kwa dola 399, na imeiiga Deluxe Reverb ya 1965 pamoja na rivabu yake ya springi na vibrato yake. Kati ya pedali zote za priampu hapa, ndiyo pekee unayoweza kuinunua peke yake ukapata mwangwi wa springi siku hiyohiyo, na mwangwi huo ni mzuri kweli. Ila kumbuka nilichosema juu: ni rivabu ya ndani ya amplifaya, haina Dwell. Kwa nyimbo za polepole za jioni inatosha kabisa. Kwa kasi ya Dick Dale utatamani sanduku mbele yake.

Aliye na kadi ya sauti ya kurekodi, au mikseri ndogo yenye hedifoni, aihesabu hii sawa na Iridium. Asiye nayo ajue ana kifaa kimoja zaidi cha kununua.

Nafasi ya nne na ya tano: Tech 21 Blonde na Joyo American Sound

Nimeziweka pamoja kwa sababu ya pili imefuata wazo la ya kwanza. Zote ni za analogi, zote zinaiga sauti za Fender pamoja na spika, zote hazina rivabu wala tundu la hedifoni. Blonde imeundwa vizuri zaidi, toleo lake la pili linakuruhusu kuzima uigaji wa spika ukitaka kuitumia na amplifaya halisi, na inakubali betri ya volti 9, jambo la thamani umeme ukikatika. Joyo inapatikana chini ya dola 50.

Tatizo la Joyo kwa surfu ni kwamba watengenezaji wake wanasema imefuata Deluxe ya 1957, amplifaya ya zamani inayopenda kupasuka. Weka Drive karibu na sifuri na Voice chini ya nusu, ndipo utapata sauti safi. Nimeitumia miezi mingi nikiwa na springi mbele na mikseri ndogo nyuma, na sioni sababu ya kumkatisha tamaa mtu mwenye bajeti hiyo. Kama fedha yako inatosha ama priampu ghali bila springi, ama Joyo na springi nzuri, chukua Joyo na springi nzuri. Hili nalisema bila kusita.

Asiyetaka pedali kabisa

Fender Mustang Micro ni kidude kinachochomekwa kwenye tundu la gitaa lenyewe. Kilitoka kwa karibu dola 100, kina amplifaya 12, betri ya kuchaji inayofika saa sita hivi, na kinapokea muziki wa simu kwa Bluetooth ili upige juu yake. Springi yake ni ya wastani. Kwa mazoezi ya usiku ya mkono wa kulia, ambayo ndiyo nusu ya surfu, hakuna kilicho rahisi zaidi. Siyo pedali, jukwaani hakitakusaidia, ndiyo maana kiko nje ya orodha.

Hedifoni zenyewe ziwe za waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti. Unapiga sasa unasikia baadaye kidogo, na kwa muziki wa kasi hii mkono unapotea njia.

Umeme, kabla hujachomeka

Karibu pedali zote hizi zinatumia volti 9 zenye hasi katikati ya plagi. Adapta nyingi za mtaani zina chanya katikati. Duka moja liliniuzia adapta likaniambia "zote ni sawa tu", na pedali yangu ya kwanza ilikufa siku ile ile. Angalia mchoro wa duara dogo kwenye adapta: alama ya kutoa lazima iungane na nukta ya katikati. Kisha angalia miliampu. Iridium inataka angalau 500, Dream '65 inataka 400, na adapta ya miliampu 200 itaifanya izime au iwake nusunusu. Ukinunua pamoja na adapta yake kutoka Marekani, soma imeandikwa inakubali umeme gani, kwa maana wao wanatumia volti 120 na sisi 230 hadi 240. Vifaa vya zamani vyenye valvu, kama 6G15 yenyewe, vinahitaji transfoma ya kushusha umeme.

Jinsi ya kuunganisha usiku

Gitaa, kisha springi, kisha priampu, kisha hedifoni. Tumia pikapu (kinasa mlio wa nyuzi) ya nyuma, karibu na daraja, au zote mbili pamoja ikiwa gitaa ni la mtindo wa Jazzmaster. Pikapu za koili moja huvuta mvumo kutoka kwenye chaja za simu na runinga, kwa hiyo geuka geuka mpaka upate upande ulio kimya. Dwell iwe nusu, Mix ipungue kidogo kuliko ungeweka ukumbini, kwa sababu kwenye hedifoni mwangwi hauna hewa ya kupotelea na hukuficha makosa ya mkono. Ukiona kila noti ni nzuri hata uliyoikosea, punguza tena. Anza na uzi wa sita, ufunike kwa kiganja karibu na daraja, piga polepole mpaka kila pigo litoe tone lake.