Tangi la samaki wa maji chumvi nyumbani: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Wengi huanzia kwenye taa na samaki kwa sababu ndivyo vinavyoonekana. Pesa inakatika kabla hawajafika kwenye maji, na maji ndiyo yanayoua. Mpangilio wa hapa chini ni wa mtu anayeishi mji wa pwani (Dar es Salaam, Tanga, Unguja, Mombasa), ambako joto na kukatika kwa umeme ni shida kubwa kuliko baridi inayozungumzwa kwenye vitabu vya Ulaya. Wa Nairobi na Arusha wabadilishe sehemu ya joto tu. Mengine ni yale yale.

Tangi lenyewe

Namba moja ni tangi la sentimita 90 × 45 × 45. Kwa hesabu ni lita 182, ila ukishaweka mawe na mchanga linabaki na lita 150 hivi. Ukiongeza tangi la chini, ambalo wafugaji huliita sampu, lenye lita 40, una lita 190 za kuchezea. Ni kubwa la kutosha kuvumilia kosa dogo, na bado si zito kiasi cha kutisha: kioo cha milimita 8 chenyewe ni kilo 32, na pamoja na maji na mawe meza inabeba kilo 240 hivi.

Namba mbili ni 120 × 50 × 50, lita 300. Kwa samaki ndilo bora zaidi, hilo halina ubishi. Tumelishusha kwa sababu kila kitu kinapanda nalo: kioo cha milimita 10 au 12, chumvi, umeme, na mashine ya kupoza maji. Mwenye uwezo wa kuligharamia mwaka mzima, siyo siku ya kununua tu, alichukue.

Namba tatu, 60 × 45 × 45, lita 121. Linamfaa aliyepanga chumba. Samaki wawili, watatu, basi.

Namba nne, na hatushauri vinunuliwe kwanza, ni vitangi vya chini ya lita 50. Vinauzwa kama vya wanaoanza, kumbe ndivyo vigumu kuliko vyote. Maji yakikauka chumvi haiondoki. Tangi la lita 40 likipoteza lita 2 kwa siku, siku tatu ukiwa msibani, chumvi inatoka gramu 35 kwa lita hadi 41. La lita 180 likipoteza lita 4 kwa siku kwa siku hizo hizo linafika 37.5. Kwenye hilo la pili samaki wanakusubiri. Kwenye la kwanza kamba na konokono wameshakufa.

Fundi wa vioo na alumini wa mtaani anaweza kukutengenezea tangi zuri kwa bei nafuu kuliko la kuagiza, mradi umsimamie kwenye silikoni. Iwe silikoni safi, ile inayonuka siki inapokauka, na kwenye kopo pasiwe na maneno ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni ina sumu ya kuvu, na sumu hiyo hutoka polepole ndani ya maji. Mwache akaushe siku saba, kisha jaza maji ya bomba ukiwa uani na uliache siku mbili kabla ya kuliingiza ndani. Matundu ya mabomba yatobolewe kwa biti ya almasi kabla ya kuunganisha vioo, na kioo kisiwe kile kilichoimarishwa kwa moto (cha usalama): kikiguswa na biti kinapasuka chote vipande vipande.

Chini ya tangi weka shiti ya povu ya sentimita moja, na pima meza kwa pima maji. Mteremko wa milimita chache tu hubebesha kona moja uzito, na ufa huanzia hapo.

Maji: hapa ndipo pesa iende

Kuna njia nne, na tofauti yake ni kubwa.

Ya kwanza ni chumvi ya matangi ya matumbawe ikichanganywa na maji ya RO (yaliyosukumwa kupita kwenye utando mwembamba wa kuchuja) yaliyopita pia kwenye kichujio cha DI (kinachonasa madini yaliyobaki), yaani mita ya TDS, inayopima vitu vilivyoyeyuka majini, isome 0. Inahitajika gramu 37 hivi kwa lita, kwa hiyo lita 190 zinakula kilo 7. Kubadilisha lita 20 kila wiki ni gramu 750. Mfuko wa kilo 20 basi unajaza tangi na kukuvusha miezi minne. Chumvi iingie kwenye maji, siyo maji kwenye chumvi, pampu ikizunguka. Ukigeuza utaratibu utapata unga mweupe chini ya ndoo, na hiyo ni kalisi iliyoganda ambayo hairudi tena.

Ya pili ni maji ya bahari, na kwa tangi la samaki bila matumbawe yanatosha kabisa. Chota maji yakiwa yamejaa, hasa siku za bamvua, mbali na bandari na midomo ya mito. Msimbazi na Kilindini usiguse. Wakati wa masika maji ya juu yamechanganyika na maji matamu na uchafu wa mitaro, kwa hiyo acha kabisa. Madumu yawe yaliyobeba chakula, sio dizeli wala sabuni. Kwa lita 190 ni madumu kumi ya lita 20. Yakae gizani wiki moja na pampu ya hewa ili vijidudu vife na kutuama, kisha vuta maji ya juu kwa mpira na upime amonia kabla ya kuyatumia.

Ya tatu ni maji ya dukani ya madumu ya lita 20 pamoja na chumvi ya matangi. Mengi yamepita kwenye RO, ila baadhi ya viwanda huongeza madini tena kwa ajili ya ladha. Nenda na mita ya TDS mfukoni. Ikisoma chini ya 10, nunua.

Ya nne ni maji ya bomba au kisima. Klorini unaweza kuiondoa, lakini silika, fosfeti na shaba ya mabomba utabaki nazo, na mwani utakushukuru. Chumvi ya mezani si chaguo hata kidogo. Ni chumvi tupu isiyo na kalisi, magnesi wala alikalini (uwezo wa maji kuhimili asidi).

Wanaotumia maji ya bahari husahau jambo moja: maji ya kufidia yale yaliyokauka lazima yawe matamu na safi. Ukijazia kwa maji ya bahari unazidisha chumvi kila siku. Usifikirie pia maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Yamepita juu ya shaba, na shaba kidogo tu inamaliza kamba na konokono. Maji ya mvua ya paa la mabati yana zinki, na nayo matokeo yake ni hayo hayo.

Mawe na mchanga

Mawe ndiyo kichujio chako kikuu, maana bakteria wanaokula amonia wanaishi ndani ya matundu yake. Hesabu kilo moja kwa kila lita kumi, yakiwa na vitundu vingi. Mawe makavu ya kuagiza ndiyo ya kwanza. Ya pili ni mawe ya matumbawe ya zamani yanayochimbwa nchi kavu, yale ya kujengea: chagua mepesi, mwagia maji uone kama yanafyonza, kataa yenye saruji, kisha yaloweke wiki mbili ukibadilisha maji na kupima fosfeti.

Kung'oa mawe au matumbawe baharini tunakukataza. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya, Dar es Salaam, ni maeneo tengefu yanayolindwa na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994, na Kenya nayo ina hifadhi zake, kama ile ya Kisite. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa hata kama umeyanunua kihalali.

Mchanga: sentimita 3, kama kilo 16 kwa tangi la 90. Ukiokota au kununua, dondoshea siki. Ukitoa povu ni wa chokaa, unafaa. Ukikaa kimya ni wa silika, uache.

Joto na umeme

Lenga nyuzi 26 hadi 27. Kuanzia Januari hadi Machi chumba cha Dar kisicho na kiyoyozi kinafika 32, na pampu na taa zinaongeza nyuzi mbili. Hita kwa hiyo usinunue. Wa Nairobi ndio wanunue, ya wati 200, kwa ajili ya Julai.

Kwa kupoza, chaguo la kwanza kwa thamani ya pesa ni feni mbili ndogo zinazopuliza juu ya maji ya sampu. Zinashusha nyuzi 2 hadi 3, ila maji yanakauka zaidi, na hewa ikiwa na unyevu mwingi zinalegea. Chaguo la pili ni mashine ya kupoza, nguvu ya farasi 1/10 kwa lita 190. Inafanya kazi vizuri lakini inatoa joto nyuma yake. Ukiificha ndani ya kabati la tangi itapoza maji na kuyapasha kwa wakati mmoja, huku bili ikipanda. Iwekwe nje ya kabati, penye hewa.

Umeme ukikatika, kinachoua kwanza ni kukosa hewa. Maji chumvi ya nyuzi 30 hubeba miligramu 6.2 tu za oksijeni kwa lita, na usiku kila kiumbe kinatumia. Nunua kwanza pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe. Ukiwa na nafasi, ongeza pampu ya mawimbi inayokubali volti 12: kwa betri ya 7 Ah na pampu ya wati 10 unapata saa nne hadi sita. Hiki ni kitu cha kununuliwa kabla ya skima (chombo kinachotoa uchafu majini kwa povu), watake wasitake wauzaji.

Umeme huo huo ukikatika, maji ya tangi hunyonywa kurudi sampuni kupitia bomba la kurudisha (lile linalopandisha maji kutoka sampu). Kwenye tangi la 90 × 45 kila sentimita ni lita 4. Mdomo wa bomba ukizama sentimita 5, lita 20 zinashuka, na sampu isiyo na nafasi inafurika sebuleni. Weka mdomo sentimita moja tu chini ya uso wa maji, kisha zima pampu makusudi na uangalie sampu inafika wapi kabla hujalala.

Kwenye saketi ya tangi weka swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30, na kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yadondoke sakafuni.

Pampu, skima, taa

Pampu ya kurudisha iandikwe lita 2,000 kwa saa, maana ikipandisha maji mita 1.2 inabaki na karibu nusu. Pampu mbili za mawimbi zifikishe mzunguko wa mara 15 za ujazo, yaani lita 2,700 kwa saa. Skima: gawa namba ya kwenye boksi kwa mbili. Iliyoandikwa lita 400 inakutosha. Taa ya LED yoyote inafaa kwa samaki. Ya matumbawe laini isubiri hadi tangi litimize miezi mitatu. Saa 8 kwa siku, zaidi ya hapo unafuga mwani.

Vipimo

Refraktomita (kifaa cha kupima chumvi ya maji), na isawazishwe kwa maji ya kipimo ya gramu 35, siyo kwa maji safi peke yake. Halafu vipimo vya amonia, naitraiti, naitreti na alikalini. Angalia tarehe ya mwisho kwenye kopo. Madukani vilivyopitwa ni vingi. Kipimo cha maji matamu kinaweza kukupa rangi isiyo sahihi.

Kuzindua tangi, yaani kukuza bakteria kabla ya samaki: weka amonia kloraidi hadi 2 ppm (miligramu 2 kwa lita), pima kila siku ya pili. Tangi likimaliza amonia hiyo pamoja na naitraiti ndani ya saa 24, liko tayari. Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6. Vumbi la kahawia litafunika mchanga kisha litaondoka lenyewe.

Samaki, mwisho kabisa

Wa kwanza ni jozi ya Amphiprion allardi, klauni wa pwani yetu. Hahitaji anemoni, na usimnunulie. Wa pili Nemateleotris magnifica (madukani huitwa firefish), ila tangi liwe na kifuniko cha wavu kwa sababu huruka. Wa tatu Pseudocheilinus hexataenia (wrasse wa mistari sita), aingie wa mwisho maana ni mkorofi. Kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon, anauzwa mdogo na anavutia, lakini tangi lake ni la sentimita 180. Kikande atakula kamba wako wote.

Kila samaki apitie karantini kwenye tangi tupu la lita 40 lenye sponji na bomba la PVC la kujificha, wiki nne. Madoa meupe ya kimelea cha Cryptocaryon yakionekana, dawa ya shaba itumike humo tu. Ikishaingia kwenye tangi kubwa inanasa kwenye mawe, na konokono hawataishi humo tena.