Programu ya wingu ya kushiriki au ya peke yako? Mwongozo wa kununua, kuanzia chaguo la kwanza hadi la mwisho

Ukitafuta programu ya wingu, yaani inayotumika kupitia intaneti, ya uhasibu, mishahara, mauzo au usimamizi wa miradi, muuzaji atakuonyesha dashibodi nzuri na bei ya kila mtumiaji kwa mwezi. Kuna swali moja ambalo mara nyingi halijibiwi mpaka uliulize mwenyewe: mfumo huu nitautumia pamoja na wateja wengine, au nitasimamishiwa wa kwangu? Jibu lake linagusa gharama za miaka ijayo, kasi ya kupata viraka vya usalama (marekebisho yanayoziba kasoro za programu), na nani ataamshwa usiku mambo yakiharibika.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa wanunuzi wengi, mfumo wa pamoja, yaani wa wapangaji wengi, ndio wa kuanzia. Anayetaka wa peke yake awe na sababu anayoweza kuiandika kwenye karatasi na kuitetea mbele ya anayelipa. "Najisikia salama zaidi" si sababu ya kutosha, na nitaeleza kwa nini.

Kushiriki maana yake nini hasa

Wapangaji wa jengo moja huchangia msingi, paa na mlinzi, lakini kila mmoja ana mlango na ufunguo wake. Katika programu, kinachochangiwa ni seva (kompyuta zinazoiendesha), msimbo (maandishi yanayoiunda programu) na mara nyingi hifadhidata yenyewe, yaani ghala la data. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipotoa fasili yake ya kompyuta ya wingu mwaka 2011, ilitaja sifa 5 za lazima, na mojawapo ni hii ya rasilimali zilizokusanywa pamoja kuhudumia wateja wengi.

Mlango wa kila mpangaji uko ndani ya data. Chukua jedwali la ankara. Limebeba ankara za wateja wote wa huduma hiyo, na kila mstari una namba ya mteja mwenye ankara. Ukifungua ukurasa wako wa ankara, programu haiulizi "nipe ankara zote"; inauliza "nipe ankara zenye namba ya mteja huyu". Salesforce, kampuni ya programu za mauzo iliyoanzishwa mwaka 1999, ilijengwa kwa mtindo huu: kila rekodi hubeba kitambulisho cha shirika linaloimiliki.

Hofu ya wanunuzi wengi iko hapo. Vipi mtengenezaji akisahau kuweka sharti hilo kwenye ukurasa mmoja? Hofu hiyo ni halali, na wajenzi makini wana jibu: hawategemei kumbukumbu ya mtu. PostgreSQL, kwa mfano, ambayo ni programu ya hifadhidata, tangu toleo la 9.5 lililotoka Januari 2016, inaweza kulinda kila mstari ndani ya hifadhidata yenyewe, hivyo hata ukurasa ulioandikwa vibaya ukiomba data ya mteja mwingine, hifadhidata haiutolei. Muulize muuzaji: utengano wa wateja unafanyika kwenye msimbo peke yake, au hifadhidata nayo inaulinda? Akishindwa kumleta mhandisi wa kukujibu, hiyo ni dalili mbaya.

Nafasi ya kwanza: mfumo wa pamoja kabisa

Watu husema faida yake ni bei, na ni kweli. Seva iliyotengwa kwa mteja mmoja inakaa bure usiku na mwisho wa wiki, na bado inalipiwa. Kwenye mfumo wa pamoja, wakati wewe umepumzika mwingine anafunga hesabu za mwezi, na mashine zilezile zinawahudumia nyote wawili. Lakini bei ni faida ya pili. Ya kwanza ni kwamba wateja wote wako kwenye toleo moja.

Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kasoro fulani ya Windows. Mei mwaka huohuo, WannaCry, programu hasidi inayofunga data na kudai fidia, ilipita kwenye kasoro hiyohiyo na kufunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Kiraka kilikuwepo kwa takriban miezi 2. Kilichokosekana ni mtu wa kukiweka kwenye kila mashine. Tarehe 2 Machi 2021 hali kama hiyo ilijirudia kwenye seva za barua pepe za Exchange: Microsoft ilitoa viraka vya dharura wakati wadukuzi tayari walikuwa wanazitumia kasoro hizo, na kila shirika lenye seva yake lilibaki kukimbizana na saa. Wateja wa Exchange Online, ambayo ni huduma ya pamoja, hawakuathiriwa. Si kila kasoro itaikwepa huduma ya pamoja namna hiyo, na sitaki mtu aondoke hapa akiamini hivyo. Ila inapoiingia, inazibwa mara moja, na watu ambao kazi yao ni hiyo, kwa ajili ya wateja wote. Hakuna haja ya kumsubiri fundi wako arudi likizo.

Toleo moja lina matunda mengine madogo ambayo utayathamini kila wiki. Maelezo ya msaada yanafanana na unachokiona kwenye skrini. Programu za nyongeza zinafanya kazi bila kukuuliza una toleo gani. Salesforce hutoa matoleo makubwa 3 kwa mwaka na Workday, programu ya usimamizi wa wafanyakazi na fedha, 2, na hakuna mteja anayelipia mradi wa kuhama kutoka toleo la zamani, mradi ambao kwenye programu za seva za ofisini unaweza kumeza bajeti ya mwaka mzima.

Gharama yake ni kwamba huwezi kukataa toleo jipya. Kitufe ulichokizoea kitahama, na itabidi uwafundishe watu wako upya. Kwa hiyo uliza kama kuna mazingira ya majaribio ya kuona mabadiliko wiki kadhaa kabla, na ratiba ya matoleo iliyo wazi.

Jirani mwenye fujo naye yupo: mteja mmoja akiendesha ripoti nzito anaweza kupunguza kasi ya wengine. Hapa vikomo ni habari njema. Salesforce, kwa mfano, huruhusu maswali 100 tu kwa hifadhidata ndani ya muamala mmoja wa kawaida, na msimbo unaozidi hapo unasimamishwa. Watengenezaji hulalamika kuhusu vikomo hivi, lakini ndivyo vinavyokulinda wewe usiyejua jirani yako anafanya nini. Mimi ningeogopa zaidi huduma ya pamoja isiyo na kikomo chochote.

Hatari inayostahili kukukosesha usingizi ni ya kosa moja kugusa wengi. Aprili 2022, wahandisi wa Atlassian, kampuni ya programu za usimamizi wa miradi, waliendesha skripti (orodha ya amri zinazojiendesha) ya kuondoa programu moja iliyopitwa na wakati. Skripti ilipewa vitambulisho visivyo sahihi, ikafuta tovuti nzima za wateja wapatao 775. Baadhi yao walikaa hadi siku 14 bila huduma. Nakala rudufu zilikuwepo. Kilichowachelewesha ni kuwarudisha wateja hao tu, mmoja mmoja, ndani ya mfumo ambao wateja wengine walikuwa wanaendelea kuutumia, kazi ambayo haikuwa imeandaliwa kufanyika kwa wingi kiasi hicho. Kwa hiyo usiulize "mna nakala rudufu?", maana kila mtu atasema ndiyo. Uliza: "mnaweza kurudisha data yangu peke yangu, bila kuwagusa wengine, na mlifanya jaribio hilo lini?"

Utengano wenyewe nao umewahi kuvuja hata kwa wakubwa. Agosti 2021, watafiti wa kampuni ya usalama ya Wiz walieleza kasoro kwenye Azure Cosmos DB (huduma ya hifadhidata ya Microsoft) iliyowapa njia ya kufikia hifadhidata za wateja wengine, na Microsoft ikawashauri walioguswa wabadilishe funguo zao. Hii haibadilishi nafasi ya kwanza. Inabadilisha unavyouliza kabla ya kulipa.

Nafasi ya pili: programu ya pamoja, hifadhidata yako

Hapa msimbo na seva za programu ni za wote, lakini data yako inakaa kwenye hifadhidata yake. Bado unapata viraka pamoja na wengine, na bado uko kwenye toleo moja nao. Kurudisha data yako peke yako kunakuwa rahisi, kuifuta kabisa siku unapoondoka kunathibitika, na data yako inaweza kusimbwa, yaani kugeuzwa isisomeke na wengine, kwa ufunguo wako mwenyewe. Ukiwa na rekodi za wagonjwa, kesi za kisheria au mishahara ya watu wengi, nyongeza ya bei ina maana. Wauzaji wengi huificha kwenye mpango wa juu kabisa wa bei, basi uliza hata kama haionekani kwenye ukurasa wao.

Nafasi ya tatu: mfumo wako wote, ukiendeshwa na muuzaji

Kila kitu ni chako, na muuzaji ndiye anayekitunza. GitLab, programu ya kutunza msimbo wa watengenezaji, ni mfano mzuri wa kulinganisha kwa sababu inauza njia zote: GitLab.com ya pamoja, GitLab Dedicated ya mteja mmoja inayoendeshwa na wao, na ile unayoiweka kwenye seva zako. Wanaochagua ya kati kwa kawaida wana mkaguzi anayedai mipaka iliyo wazi, au sheria inayotaja data ikae wapi, au matumizi makubwa kiasi cha kujaza seva zao wenyewe.

Kabla hujalipia, uliza kiraka cha dharura kinakufikia baada ya muda gani ukilinganisha na wateja wa mfumo wa pamoja. Kama jibu ni "dirisha lijalo la matengenezo", unalipa zaidi ili uwe wa mwisho kwenye foleni. Utengano haukusaidii kitu ikiwa mlango wako wa peke yako una kufuli la mwaka jana.

Nafasi ya nne: seva zako mwenyewe

Inafaa kwa wenye wahandisi wa zamu, na kwa mazingira yasiyoruhusiwa kabisa kugusa intaneti. Kwa wengine ni mzigo. Na muuzaji anaweza kuiacha njia hiyo akuache nayo: Atlassian ilisitisha msaada wa bidhaa zake za Server, zile za kuweka kwenye seva zako, tarehe 15 Februari 2024, na waliokuwa juu yake ilibidi wahame.

Isiyostahili nafasi

Kuna programu za zamani za ofisini zilizowekwa kwenye seva ya kukodi, nakala moja kwa kila mteja, kisha zikaitwa za wingu. Unalipa bei ya huduma ya kisasa, halafu unabaki na matatizo ya seva ya chumbani. Zinatambulika kwa swali moja: "leo hii wateja wenu wako kwenye toleo lipi?" Ukisikia matoleo manne au matano tofauti, umeshapata jibu.

Kabla ya kusaini

Tumia kipindi cha majaribio kujaribu mlango. Fungua akaunti mbili za majaribio kwa anwani mbili za barua pepe, kama kampuni mbili zisizojuana. Kwenye ya kwanza tengeneza ankara, uifungue, unakili anwani iliyo juu ya kivinjari. Mara nyingi mwishoni ina namba au herufi za ankara hiyo. Fungua kivinjari kingine, ingia kwa akaunti ya pili, bandika anwani ileile. Unapaswa kuambiwa ukurasa haupo au huna ruhusa. Rudia kwa kiungo cha faili lililopakiwa na cha ripoti ya PDF, kwani faili husahaulika mara nyingi kuliko kurasa. Ankara ya akaunti ya kwanza ikionekana, funga kila kitu na utafute muuzaji mwingine. Udhaifu wa aina hii, wa ruhusa za kufikia data, ndio ulioshika namba 1 kwenye orodha ya mwaka 2021 ya hatari za usalama wa programu za wavuti, inayotolewa na shirika la OWASP. Fanya hivyo kwa akaunti zako mwenyewe tu; kubahatisha namba za wateja wengine ni uvamizi.

Omba ripoti ya SOC 2 (ukaguzi huru wa usalama wa huduma) ya aina ya pili, inayoonyesha kwamba taratibu zilifuatwa kwa kipindi fulani, na si siku moja ya ukaguzi. Cheti cha ISO 27001, kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa, kina uzito pia, ila soma kinahusu sehemu gani ya kampuni. Wakati mwingine ni ofisi tu.

Ahadi ya upatikanaji ihesabu kwa dakika. Asilimia 99.9 kwa mwezi wa siku 30 ni dakika 43 za kukatika bila kuvunja mkataba, asilimia 99.99 ni dakika 4 na kidogo. Angalia pia fidia yake, kwa sababu mara nyingi ni punguzo la ankara ya mwezi ujao, hata kama ulipoteza mauzo ya siku nzima.

Mwisho, jaribu kutoka kabla hujaingia. Weka data kidogo, kisha iombe yote irudi: ankara, viambatisho, historia ya mabadiliko na maoni. Ukipata faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) lenye majina na kiasi tu, viambatisho havipo, jua kwamba kuhama kutakuwa kazi ya mikono. Mkataba utaje fomati ya data utakayopewa, siku ngapi baada ya kusitisha akaunti itabaki wazi kwa ajili ya kuipakua, na lini nakala zilizobaki kwenye hifadhi rudufu zitafutwa. Vipengele hivi vitatu muuzaji hukubali kuviandika kwa urahisi zaidi kabla ya malipo ya kwanza.