Dawa ya mwani kwa rehani na nanaa zinazonyweshwa maji ya chumvi: uzoefu wangu

Maji ya kisima changu yana chumvi hata ulimi unaisikia. Rehani zilikuwa zinaungua ncha za majani, nanaa ikadumaa, na juu ya udongo wa vyungu kukatanda ukoko mweupe. Ndipo nikanunua dawa ya kupulizia iliyotengenezwa kwa mwani, ile ya kahawia inayonuka kama ufukwe maji yakipwa.

Maelekezo yalisema mililita 3 kwa lita moja ya maji, kila baada ya wiki 2. Mara ya kwanza madoa ya kuungua yaliongezeka, nikaamini nimeuziwa maji ya rangi. Kumbe nilikuwa naichanganya na maji yaleyale ya kisima! Matone yakikauka, chumvi inabaki juu ya jani lenyewe. Nilipohamia maji ya mvua, mambo yakageuka. Karatasi ya chupa haikugusia jambo hili hata kidogo, na hilo linaniudhi, kwa sababu anayenunua dawa hii kwa shida ya chumvi huenda hana maji mengine karibu.

Nilipopuliza mara ya 3, rehani zilichipua majani mapana, kijani kimekolea, na ukiyagusa tu harufu inajaa mkononi. Majani yaliyokwisha kuungua hayakupona, usiyangoje, yakate. Vyungu 2 nilivyoviacha bila dawa ili nipate cha kulinganisha viliendelea kudumaa. Nanaa ilichukua muda zaidi. Rozmari sikuiona tofauti, ila yenyewe ni mvumilivu wa chumvi tangu asili.

Napuliza jioni jua likishapoa, na sisahau upande wa chini wa majani.

Lakini msitarajie dawa iondoe chumvi. Chumvi ikizidi kwenye udongo, mizizi inashindwa kunyonya maji hata chungu kikiwa kimelowa chepe. Mwani una betaini, kemikali za asili ambazo husaidia mmea kushikilia maji yake, basi. Chumvi yenyewe iko palepale. Kwa hiyo mvua ikinyesha navitoa vyungu nje, namimina maji mengi mpaka yatiririke kwenye matundu ya chini, kisha namwaga ya kwenye sahani yasije yakanyonywa tena. Bila kazi hiyo, nadhani chupa nzima ingeisha bure.

Kwa rehani na nanaa nitainunua tena. Kwa rozmari, hapana.