Hesabu meno kabla hujatoa hela: mbwa wa kwanza wa kununua

Bosi nilimnunua kando ya Barabara ya Bagamoyo, Jumamosi mchana, akiwa ndani ya boksi la mafuta ya kupikia pamoja na wenzake watatu. Muuzaji alisema ni German Shepherd wa mbegu, ana wiki nane, keshachanjwa zote. Nikatoa laki tatu na nusu. Jumatatu daktari wa mifugo alimfungua mdomo, akapitisha kidole kwenye ufizi, akaniuliza, "Dada, huyu umeambiwa ana umri gani?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Meno 16 tu, nyuma ufizi mtupu. Wiki nane hazikuwepo pale. Alikuwa na nne, au tano ukimpendelea.

Miezi sita baadaye alimng'ata mtoto wa dada yangu mkononi wakiwa wanacheza. Hakuwa na hasira hata kidogo, mkia ulikuwa unatingishika. Hakujua tu kwamba meno yake yanaumiza. Somo hilo mbwa halipati kirahisi kwa binadamu. Analipata kwa ndugu zake wa uzao mmoja, kuanzia wiki ya tatu hadi ya nane hivi. Akimbana mwenzake kupita kiasi, mwenzake analia na mchezo unakatika. Akimbana mama ziwa, mama anainuka na kwenda zake. Bosi aliondolewa kabla hajalimaliza. Mtoto alishonwa nyuzi nne, akachomwa sindano za kichaa cha mbwa, na dada yangu alikaa mwaka mzima bila kuleta watoto kwangu.

Kwa hiyo habari za ukubwa, urefu wa manyoya na nani anabweka zaidi sitazigusa sana, hizo utaambiwa na kila mtu. Ninachokuomba ni kwamba uende na kidole safi na tochi ya simu, na umfungue mdomo kila mtoto wa mbwa utakayeonyeshwa.

Meno ya utoto ya mbwa ni 28. Mbele juu sita, mbele chini sita. Chonge nne. Kisha magego matatu kila upande, juu na chini, jumla 12. Ya mbele na chonge huanza kutoka wiki ya tatu na kuendelea, ya nyuma kabisa ndiyo huchelewa, na mbwa anapofika wiki nane yote 28 yanakuwa yametoka, au limebaki moja linachungulia. Ndiyo maana usidanganyike na chonge. Wauzaji wanapenda kukuonyesha chonge kwa sababu ni kali na zinatisha, lakini hata mtoto wa wiki nne anazo. Pitisha kidole nyuma ya chonge. Ukikuta ufizi laini bila kitu, au jino moja dogo upande mmoja, mrudishie mwenyewe mtoto wake. Hata kama anakuangalia kwa macho ya kijivubuluu yanayokuyeyusha moyo. Macho ya rangi hiyo nayo ni dalili ya utoto, kwa kuwa wengi huanza kubadilika rangi wakikaribia hizo wiki nane.

Kwa nini wanauza mapema? Nilipouliza watu wanaofuga, jibu lilikuwa la hesabu tu. Hadi wiki ya nne mama ndiye anayelisha. Kuanzia hapo watoto wanane wanataka uji, dagaa, nyama ya kusaga, dawa ya minyoo kila wiki mbili, na chanjo ya kwanza iko njiani. Kila wiki mwenye mbwa anayoongeza ni gharama yake, na akipitiwa na parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu, uzao mzima unaweza kwisha kwa siku chache. Basi anamwita dalali. Dalali anachukua wote, anaongeza laki yake kila kichwa, na anakuuzia wewe hatari ambayo mwenye mbwa ameikimbia. Mbwa hana dalali wa lazima kama kiwanja. Mwambie, "Nipeleke kwa mama yake." Akianza hadithi za mama kasafirishwa, mama yuko Moshi, mama ni mkali haonwi na wageni, ondoka. Mama anayenyonyesha anaonekana, maziwa yamening'inia, na ukimwona yeye unaona pia tabia utakayoirithi nyumbani kwako.

Sasa niwapange kwa anayeanza, hasa anayeishi joto la Pwani kama mimi.

Wa kwanza kwangu ni Rhodesian Ridgeback, na sifichi upendeleo. Huyu ni mbwa wa huku kwetu kusini mwa Afrika. Asili yake ni mbwa wa Wakhoikhoi waliokuwa na mstari wa manyoya mgongoni unaoota kinyumenyume, wakachanganyika na mbwa wa walowezi. Vigezo vya aina hii viliandikwa Bulawayo mwaka 1922, mji ulioko Zimbabwe ya leo. Manyoya ni mafupi, joto halimtesi kama wengine, kupe unamwona mapema kwa jicho, na habweki ovyo, kwa hiyo akibweka unatoka nje kuangalia. Asali wangu nilimfuata shamba moja nje ya Arusha. Mwenyewe alikataa kumtoa kabla ya wiki ya tisa ingawa nilishalipa nusu ya bei, na siku hiyo nilimpenda yule mama kuliko muuzaji yeyote niliyewahi kukutana naye. Nilihesabu 28 mbele yake, akacheka, akanishikia tochi.

Ridgeback ana kasoro yake ya kuzaliwa ambayo lazima uikague kwa mikono. Wengine huwa na kitundu kwenye ngozi kando ya uti wa mgongo, kinachoingia ndani kama uzi. Kamata ngozi ya shingo na ya mgongo kwa vidole viwili, ivute taratibu, usikilizie kama kuna kamba nyembamba chini yake. Ikiwepo, itakuja kuvimba na kutunga usaha, na dawa yake ni upasuaji. Chagua jike. Jike aliyekomaa ana kilo kama 32, unaweza kumshika akivuta kamba. Chotara wa Ridgeback naye nampokea kwa mikono miwili, mradi mama nimemwona.

Wa pili ni German Shepherd. Anafundishika upesi na mwizi anamheshimu, lakini manyoya yake ni ya tabaka mbili, hapa Dar anahema kutwa. Nyonga ndizo udhaifu wake. Mtazame baba na mama wakitembea na wakiinuka kutoka chini. Mgongo ulioteremka sana nyuma mimi siutaki. Huyu ndiye anayeghushiwa kuliko wote, kwa sababu kila mbwa mweusi mwenye kahawia anaitwa Shepherd mpaka masikio yatakapogoma kusimama.

Kwa nyumba ndogo au ya kupanga, Japanese Spitz, yule mweupe wa manyoya. Mchangamfu, mlezi mzuri wa watoto, lakini uwe na muda wa kuchana manyoya na feni isizime.

Boerboel, lile jibwa la ulinzi la Afrika Kusini, na Rottweiler si mbwa wa kwanza. Nasema hivyo nikiwa nawapenda. Kosa la wiki nne lililonipa nyuzi nne kwa Bosi, kwa Boerboel lingenipa msiba. Husky, mbwa wa nchi za theluji, kumweka Dar es Salaam ni mateso kwa mnyama, na anayekuuzia anajua.

Mbwa wa kienyeji ni mgumu wa magonjwa na bei yake ni ndogo. Naye hesabu meno.

Na bei zenyewe! Mwaka juzi mtoto wa Ridgeback nilitajiwa laki sita. Mwezi uliopita rafiki yangu kaambiwa milioni moja na laki mbili, mtu yuleyule, mama yuleyule, sababu eti "ana karatasi". Karatasi gani? Ukanda wetu huu chama kinachojulikana kwa kuandikisha mbwa wa ukoo ni East African Kennel Club cha Nairobi. Mwombe akuonyeshe cheti na jina la chama kilichokitoa. Mara nyingi anachokiita karatasi ni kadi ya chanjo tu, na kadi yenyewe ni shida nyingine. Ya Bosi ilikuwa na muhuri wa chanjo ya kichaa cha mbwa, chanjo ambayo kwa kawaida huanza mtoto akifika miezi mitatu. Huyu alikuwa na mwezi mmoja!

Kadi ya kweli ina stika iliyobanduliwa kwenye kichupa, yenye namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda, pamoja na sahihi ya daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Mtoto wa wiki nane hawezi kuwa "keshachanjwa zote". Chanjo ya parvo na wenzake huanza wiki ya sita hadi ya nane, ikarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama huweza kuizuia chanjo ya mwanzo isishike. Tena chanjo hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Anayekuambia amemchanja mwenyewe kwa dawa aliyobeba kwenye mkoba juani, amempa maji.

Nyumbani, anza na udongo. Kama uwanja huo uliwahi kuwa na mbwa aliyekufa kwa kuhara damu ndani ya mwaka mmoja, usimlete mtoto ambaye hajamaliza chanjo. Kirusi cha parvo hukaa ardhini muda mrefu. Sakafu ya saruji isafishe kwa sabuni kwanza, kisha Jik kikombe kimoja kwa maji vikombe 30, uiache dakika kumi. Kwenye mchanga Jik haikusaidii.

Banda usiliezeke bati tupu, mchana linakuwa oveni. Makuti ni bora, au bati lililo chini ya kivuli cha mwembe. Ziba kila ufa wa ukuta kwa lipu, maana kupe wa mbwa hupanda ukutani kutaga, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Unaweza kumwogesha mbwa dawa kila wiki na bado ukashindwa kwa sababu ya ufa mmoja. Angalia na nafasi iliyo chini ya geti. Kichwa kikipita, mwili unapita. Sumu ya panya itoke nyumbani kabisa, hata ile ya darini.

Chakula ndicho kilichonipa hofu zaidi. Unga wa bei ya chee unaouzwa mashineni kama "wa mbwa" mara nyingi ni masalio yaliyofagiliwa sakafuni na mahindi yaliyoota ukungu. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ini lake haliistahimili hata hiyo kidogo. Unga usioweza kuusongea ugali wako, usimpe. Mchuzi wenye vitunguu nao usimmwagie, unaharibu damu yake, na mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama vijiti vyenye ncha.

Jirani zangu wa ukuta wa kulia ni Waislamu, na mate ya mbwa kwao ni najisi inayowalazimu kuosha mara saba, moja kwa udongo. Nilikwenda kuwaambia kabla ya kujenga. Banda likaenda upande wa kushoto, maji ya kuosha yakaelekezwa shimoni kwangu. Fanya hivyo kabla mbwa hajafika, na si baada ya ugomvi. Dada wa kazi naye akutane na mbwa siku ya kwanza, amlishe yeye, kwani ndiye atakayeshinda naye. Na kama ikitokea kung'atwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wenu na kachanjwa.

Siku ya kumchukua, nenda na kitambaa, mwombe mwenye mbwa akisugue kwa mama na ndugu zake, ukitandike bandani. Bosi alilia usiku 11 mfululizo. Asali alilia usiku wa kwanza mpaka saa saba, wa pili nusu saa, na wa tatu nilipotoka na tochi kumwangalia alikuwa amelala juu ya kitambaa chake, pua imefukiwa ndani.