Basi la Mtwara–Dar kwenda mechini: nyota nne, moja nimeikata Somanga

Wakuu salaam. Juzi kati nilipanda basi toka Mtwara kwenda Dar kumuangalia Mnyama, yaani Simba, nikiwa na mtoto wa dada yangu ambaye hajawahi kuingia Uwanja wa Mkapa. Nikasema nije niwape ripoti ya huduma maana kuna watu wananiuliza kama inafaa kwenda na familia. Jina la basi siliweki, maana na konda wao tulikwaruzana kidogo, mtaona mbele.

Tuanze na mazuri. Saa kumi na mbili alfajiri limetoka stendi ya Mkanaledi kweli, sio ile "tunasubiri abiria wawili" mpaka saa mbili. Siti mbili kwa mbili, magoti hayagusi ya mbele, maji ya nusu lita na biskuti mmepewa kabla ya Mingoyo. Kiyoyozi kinafanya kazi, kinafanya kazi mpaka kinadondosha maji, yule mama wa siti ya nyuma yetu alijitanda kanga kichwani kama yuko mvuani. Soketi ya kuchajia simu ipo ila yangu ilikuwa pambo tu. Tivii ndio usiseme, muvi za kelele toka Lindi mpaka Kibiti, na ukiomba wapunguze sauti wanakuangalia kama umeomba nauli yako irudi.

Dereva nampa zote. Hana papara, kwenye hamsini anatembea hamsini, tochi za trafiki hazikumkamata hata moja.

Sasa dogo tulivyofika kama Mchinga hivi akaanza, "mjomba mbona mbali hivi, nimechoka". Nilicheka peke yangu. Nikamwambia subiri nikusimulie ya 1993.

Na hapa niseme wazi, nina ugomvi na wazee wenzangu wanaowadanganya vijana kwamba zamani safari zilikuwa raha, sijui ushabiki wa kweli, sijui undugu. Raha ya wapi jamani? Zile kilomita 560 na kidogo zilikuwa mateso. Lami ilikuwa vipande vipande, Rufiji hakuna daraja, kuna kivuko cha Ndundu, na kivuko kikiamua kuharibika mnalala hapo hapo ukingoni na mbu wa Rufiji ambao hawana mpira wala dini. Masika ndio kabisa, barabara inakufa, mwenye haraka anapanda meli au anazunguka Masasi, Tunduru, Songea, anatokezea Makambako, yaani unaizunguka nusu ya nchi kwenda kuangalia dakika tisini.

Basi 1993 Simba wako fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan. Kule kwao tumetoka 0-0, redioni nchi nzima inajua kombe limeshafika Msimbazi, makao ya Simba, bado kulipokea tu. Mimi kijana, nina hela ya korosho mfukoni, nikasema siwezi kusikiliza hii kwenye redio ya mkulima yenye betri za kuanika juani. Tukaondoka siku nne kabla. Basi likazama kwenye tope kabla ya Somanga, tukashuka kusukuma, likatoka, likazama tena, mwisho tukadandia lori la magunia ya korosho. Ndundu tumefika usiku, foleni ya magari haionekani mwisho, kivuko kiko ng'ambo na hakuna anayejua kitarudi lini.

Juu ya gunia pembeni yangu kulikuwa na mzee mmoja wa Mikindani, Yanga damu. Nikamuuliza mzee shikamoo, unakwenda kufanya nini mechi ya Simba? Akanijibu taratibu huku anamenya ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ya kwetu kusini, "mwanangu, nakwenda kuzomea". Siku tatu kwenye tope! Kuzomea! Alikuwa na kifurushi cha ming'oko na chumvi kwenye kipande cha gazeti, akanigawia usiku kucha, sikukataa maana njaa haina timu.

Tukaingia Dar asubuhi ya mechi tukiwa wekundu kwa vumbi, hata jezi sikuihitaji. Uwanja wa Taifa ule wa zamani, Shamba la Bibi, umejaa mpaka kwenye miti ya nje, Rais Mwinyi mwenyewe yupo jukwaani. Tumefungwa mbili bila. Boli Zozo wa Stella, zote mbili yeye. Sitaki kuongeza neno hapo.

Ila kilichoniua sio magoli. Kurudi, napanda gari Mbagala, naangalia siti ya jirani, nani? Mzee wa Mikindani. Safari hii hakuwa na haraka kabisa, hata gari likizama yeye anafurahi. Siku mbili na nusu ananisimulia bao la kwanza, akimaliza anasimulia la pili, akimaliza anarudi la kwanza. (Na nyie Yanga msicheke sana, 2023 USM Alger ya Algeria wamewaonjesha hiyo hiyo ya kukosa kombe fainali.)

Kwa hiyo dogo alipolala sikumlaumu, siti inalala hiyo. Nilimuamsha Daraja la Mkapa tu, ajue. Karibu kilomita nzima, lilifunguliwa 2003, linavukwa kabla hujamaliza kufungua biskuti. Nikamwambia mwenye jina hili, Rais Mkapa, ni mtu wa Lupaso, kwetu huku Masasi, na uwanja unaokwenda una jina lake huyo huyo. Akasema "sawa mjomba", akarudi kulala. Kile kipande cha Ndundu–Somanga, kilomita 60 tu, ndicho kilichochelewa lami kuliko vyote, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita barabara ikakatika maeneo ya Somanga, ndio vijana wakaonja kidogo tuliyokula sisi.

Sasa nyota niliyokata. Somanga basi limesimama dakika kumi. Kumi! Pale ndio mahali pa safari yote hii, samaki anatoka kwenye mafuta mbele ya macho yako. Nimechagua changu mmoja wa maana, kijana anamfunga kwenye gazeti na ndimu na pilipili, nimetoa elfu kumi, konda anapiga honi, basi linatembea. Nimekimbia na samaki wangu mkononi kama mtu kaiba. Chenji elfu tano imebaki. Yule kijana alilikimbilia basi na ndala zake, akanirushia noti dirishani ikaangukia miguuni kwa yule mama wa kanga. Konda nikamuuliza kwani tunafukuzwa? Akasema "mzee ratiba". Ratiba na mechi ni kesho yake!

Kufika ni saa kumi jioni. Faida ya sisi watu wa kusini ni kwamba tunaingilia Barabara ya Kilwa, ukishuka Mbagala Rangi Tatu uwanja hauko mbali, na ndugu wa kulala kwao Mbagala nani hana.

Mtakaopanda: kata siti ya kushoto, jua la asubuhi linachoma upande wa kulia mpaka unakaribia Nangurukuru. Hakikisheni dirisha linafunguka. Na hela ya samaki muwe nayo kamili mkononi kabla basi halijasimama.