Minyoo ya farasi: dawa kwa kalenda au kupima kinyesi kwanza?

Kwa gharama, kalenda huonekana nafuu: unanunua dawa, unampa kila farasi baada ya wiki kadhaa, basi. Kupima, yaani kuhesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi, kunadai darubini au ada ya maabara. Lakini katika kundi la farasi wazima, takriban asilimia 20 ndio humwaga asilimia 80 ya mayai yote. Ukiwajua hao, wengi waliobaki hawahitaji dawa mara kwa mara, na pesa inarudi.

Kwenye uhakika ndipo penye uzito. Kuwanywesha wote kila mara kumezaa minyoo sugu. Minyoo wadogo wa utumbo mpana sasa wanastahimili fenbendazoli, dawa ya minyoo, sehemu nyingi duniani. Kipimo hukuonyesha hilo: pima, toa dawa, pima tena baada ya siku 14. Mayai yasipopungua sana, dawa hiyo imeshindwa, na ni heri ujue mapema.

Hata hivyo kipimo kina upofu wake. Hakioni viluwiluwi vya minyoo vilivyojificha ndani ya ukuta wa utumbo, na tegu mara nyingi hukiponyoka. Kwa watoto wa farasi, ambao minyoo mikubwa ya mviringo inaweza kuwaziba utumbo, mimi ningefuata ratiba ya daktari wa mifugo bila kusita.

Kwa kupunguza usumbufu, kalenda inashinda. Mwenye farasi wazima wachache na malisho yanayozolewa kinyesi mara mbili kwa wiki, apime. Mwenye kundi linaloingiza farasi wageni kila mwezi awape dawa wageni hao wakiwa wametengwa, kisha awapime.